Inzi wa Macho ya Mistari

Asembo Bay, Jumanne

Baba,

Najua huko Nyeri umejifunika blanketi. Hapa jua limelala juu ya ziwa na hakuna anayelisumbua. Gugumaji limejaa mpaka ufukweni, limechanua maua ya zambarau, mitumbwi imekwama, na watu wanatembea polepole kama walio usingizini.

Leo nilikuwa nimekaa na Mama Akinyi, anayeanika omena, dagaa wa hapa ziwani, juu ya nyavu kuukuu, mdudu akaja kusimama hewani mbele ya pua yangu. Nikaruka nikidhani ni nyuki, chai yote ikamwagika. Mama Akinyi hata hakugeuka.

"Wacha woga, mwalimu. Hiyo haiumi. Inajifanya nyuki tu."

Mdudu akatua kwenye ua la gugumaji, nikamsogelea. Tumbo lina mistari ya njano, ndiyo, lakini mabawa ni mawili kama ya inzi, si manne kama ya nyuki. Na macho, Baba. Macho yana mistari, kama yamekatwa kwenye kitenge.

Nilikucheka mbele ya wageni uliposema ulikuwa ukimwona inzi huyo hapa, miaka ile ukinunua samaki. Nikakuletea kitabu changu cha wadudu, ramani yake ikisema anaishi Pwani tu. Wewe ukaendelea kula.

Uji unywe ukiwa moto. Kitabu nakuja nacho. Ramani sasa ina nukta ya penseli hapa Asembo, na kando yake nimeandika jina lako.

Mwanao,
Wanjiru