Mtoto Amelala na Mama Mkwe, Nani Aingie Kumwamsha?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kabla ya msaada naomba kwanza unipe hongera, maana nikianza na shida utadhani nyumba yangu ina msiba na kumbe ina sherehe: mke wangu amepata kazi ya kuendesha basi, basi kubwa la abiria, si kigari, kafaulu majaribio yote, kapewa sare na kofia, na mwanzoni mwa mwezi ujao anaanza na zamu ya alfajiri, na tangu siku aliyorudi na habari hiyo mimi nikipigilia msumari nacheka peke yangu mpaka wateja wanauliza kulikoni.

Mimi ni fundi makochi, na karakana yangu imeshikana na nyumba, ukuta mmoja. Binti yetu ana mwaka na miezi miwili, ameanza kutembea juzijuzi tu, na tunamwita Mkaguzi kwa sababu hapiti penye kabati bila kulifungua aone ndani kuna nini. Tangu akiwa mdogo alikuwa analala mara mbili mchana, asubuhi kidogo na alasiri kidogo, nami kazi yangu nikaipanga kwa usingizi wake, akilala nakata vitambaa na kushona, akiamka nagonga nyundo, na maisha yalikuwa matamu kweli.

Sasa tangu ajue kutembea, usingizi wa asubuhi haumpati tena, ukimlaza anasimama anashika ukingo wa kitanda anaimba, anakuja kulala kwenye adhuhuri hivi, analala vizuri sana, anaamka kachangamka, na sisi tungeridhika na huo mmoja, ila kuna mama mkwe. Mama mkwe alikuja kutusaidia mke wangu alipoanza mafunzo ya udereva, na Mungu ampe maisha marefu, ndiye anayeamka wa kwanza, anapika uji, anafua nguo za mtoto, anafagia mpaka karakana, anamfuata Mkaguzi kila kabati, kukaa hakai, na akikaa ni kwenye kigoda changu cha kazini dakika moja kisha huyo kainuka. Lakini ikifika alasiri anasema mtoto kachoka, anambeba, anaingia naye chumbani kwake, anafunga mlango, kimya, mpaka jua linakwenda kuzama.

Mshauri, mtoto akitoka mle chumbani yuko macho kama taa ya barabarani. Usiku anataka kucheza, anataka kutembea, anataka kukagua, na hamtaki mwingine ila mama yake, na mama yake ndiye anayetakiwa kuamka jogoo hajawika. Nimemkuta mke wangu bafuni kasinzia na mswaki mdomoni. Na juzi kwenye mazoezi ya mwisho kapiga miayo kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho, mkufunzi wake akamwambia kinagaubaga kwamba akimwona hivyo tena basi lenyewe hakabidhiwi, na siwezi kumlaumu yule mkufunzi, dereva wa basi si mtu wa kusinzia.

Utaniambia, wewe baba mzima, ingia umwamshe mtoto. Niingie wapi, na ndani kalala mama mkwe? Hata kubisha hodi mkono unakataa. Basi nikajaribu ujanja, nikalihamisha kochi la mteja nikaenda kulipigilia misumari chini ya dirisha lake, nikagonga kama nina ugomvi na mbao, na jioni mama mkwe akatoka, akanyoosha khanga yake, akanishukuru. Akasema, "Baba, nyundo yako leo imetubembeleza."

Na ingekuwa sijui dawa ningetulia, lakini dawa nimeiona kwa macho yangu. Jumamosi iliyopita mama mkwe alikwenda kumtembelea dada yake, mtoto akala mapema, akalala mara moja tu, usingizi mrefu wa kushiba, alasiri nikatoka naye nje tukatazama mafundi wakirekebisha bomba la maji, na jioni kaoga, kala, kalala kabla vyombo havijaoshwa. Mimi na mke wangu tulitazamana pale jikoni tusiamini, tukaanza kucheka kwa kunong'ona, yeye akalala mapema, asubuhi kaamka anaimba, na mimi furaha ile bado ninayo kifuani nikiandika hapa.

Nikamwomba aseme na mama yake. Akanijibu, "Mama yangu kalea watoto saba. Wewe umelea makochi." Nikarudi kwenye makochi yangu.

Sasa nimwambieje mama mkwe bila kumvunjia heshima, na huyu mtoto tumhamisheje kutoka usingizi wa mara mbili kwenda wa mara moja bila kumtesa? Nijibu upesi, mshauri, basi linakuja.

Fundi Makochi, mume wa dereva

*

Mume wa dereva,

Hongera. Na mkeo mpe mkono kwa niaba yangu, umwambie kwamba mimi, ambaye hata baiskeli ilinishinda, nimeisoma habari yake nikasimama jikoni nikapiga kigelegele, na majirani wakaja kuuliza nimeozesha nani.

Haya, tuje kwako. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nimecheka. Mara ya pili nimekukasirikia.

Tumalize la mtoto kwanza maana ndilo jepesi. Binti yako hana tatizo lolote, ameshaamua, ninyi ndio mmechelewa kupata habari. Mtoto aliyefika umri huo, akikataa usingizi wa asubuhi siku baada ya siku na bado akawa mchangamfu, anawaambia kwamba mmoja unamtosha. Msaidieni. Asubuhi mtoeni nje, atembee, akague dunia, achoke kwa raha. Akianza kusinzia mapema mno msimkatalie ghafla, mvusheni kidogo kidogo, leo robo saa, keshokutwa robo nyingine, mpaka usingizi ufike baada ya chakula cha mchana. Chakula chenyewe kiwahi, asije akalala uso ndani ya sahani. Kisha shusha pazia, mlaze, mwache alale mpaka atosheke. Kuna siku mambo yatagoma, atalia kwa sababu kijiko ni cha bluu. Siku hiyo mlazeni usiku mapema, msikimbilie kumlaza alasiri. Akizidiwa kabisa, asinzie kidogo mkononi mwako, kisha mwamshe jua likiwa bado juu. Mpeni wiki kadhaa bila kugombana naye, atakaa sawa.

Hilo limekwisha. Sasa nikuulize wewe fundi: nyumbani kwako nani anahitaji usingizi wa pili?

Soma barua yako mwenyewe. Umeandika kwa mkono wako kwamba mama mkwe anaamka wa kwanza, anapika, anafua, anafagia mpaka vumbi la mbao zako, na mchana kutwa yuko nyuma ya mtoto anayefungua makabati. Umeyapanga yote hayo ukiyaita baraka, na ni baraka kweli, kisha ukafika kwenye mlango uliofungwa alasiri ukaona mtoto tu. Yule mama kachoka, baba. Kachoka kabisa. Na yuko kwa mkwe. Mwanamke wa heshima zake atajilazaje mchana kweupe nyumbani kwa mkwe, huku mwenye nyumba anagonga nyundo ukuta wa pili? Hawezi kusema, "Jamani, mgongo unaniuma." Atakufa na tai shingoni. Kwa hiyo anasema mtoto kachoka. Mtoto ndiye ruhusa yake. Mimi ni mama mkwe wa watu wawili, na ruhusa hiyo nimeitumia sana.

Nawe ukaenda kumgongea misumari chini ya dirisha. Huna hata haya. Na yeye akakushukuru. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hawakusema jembe umpe na kitanda umnyang'anye.

Hofu yako naielewa. Unampenda mkeo, unajivunia basi lake, na unaogopa asije akalikosa kwa miayo. Hofu hiyo ni ya mume mwema na sitakucheka. Ila dawa yake haipatikani kwa ujanja, inapatikana kwa kusema, na ya kusema yako mawili, kila mtu na lake.

La usingizi wa mtoto aliseme mkeo, kwa kuwa anayeambiwa ni mama yake mzazi. Asiseme, "Mama, unakosea." Aseme, "Mama, nisaidie nilale, basi lisinipite." Mwanamke aliyelea saba anajua kukosa usingizi ni nini, na kama hajaambiwa ni kwa sababu nyote wawili mnamwogopa. Ni yeye atakayemfundisha mjukuu usingizi mmoja, na atawashinda nyote.

La pili ni lako. Alasiri hiyohiyo weka nyundo chini, nawa mikono, mchukue binti yako, na umwambie mama mkwe ukiwa umesimama palepale mlangoni pa karakana, macho chini kama ulivyofundishwa: "Mama, kuanzia leo alasiri ni yako. Pumzika. Mtoto ninaye mimi." Kisha usisubiri ajibu, maana atakataa. Ondoka na mtoto. Nenda ukapime sebule za wateja, nenda mkatazame tena mafundi wa bomba. Usimweke karakanani penye misumari, huyo hatakagua kwa macho tu. Utapoteza saa ya kazi kila siku. Ipoteze, ile ya adhuhuri bado unayo ya kukata na kushona kwa amani.

Na kuna jambo ambalo hukuniuliza. Kinyozi hajinyoi, najua, lakini wewe umenitia aibu mimi nisiyekujua. Fundi makochi mzima, mama mkwe wako anakalia kigoda. Kabla ya oda yoyote ya mteja, chukua fremu nzuri, sponji nene, kitambaa ulichokuwa umekificha kwa ajili ya tajiri fulani, umshonee mama yule kochi la kujinyoosha, uliweke penye dirisha lilelile ulilolipigia kelele. Usilitolee hotuba. Atakayeingia na kulikuta atajua lina maana gani, na mtu mwenye kochi lake haombi ruhusa kwa mtoto.

Nina furaha na nyumba yako, fundi, usidanganywe na ukali wangu. Mtoto katembea, mama kapata basi, bibi atapata mgongo wake. Siku ya kwanza ya kazi msiende kumsumbua dereva alfajiri. Subirini zamu yake ifike safari ya mwisho, ile ya mchana baada ya chakula, kisha mkamsubiri kituoni wote watatu, mmevaa vizuri, mkapande. Lipeni nauli kama abiria wengine na kaeni viti vya nyuma. Mtoto akisinzia, mwacheni. Mama mkwe akisinzia, mwacheni naye, na wewe ukishindwa egemea dirisha. Ndani ya basi lile anayetakiwa kuwa macho ni mmoja tu, na huyo atakuwa ameshalala vya kutosha.