Siku Ankara Nzima Iliposimama

Yozgat,
12 Novemba 1994

Mpendwa binti yangu Nazmiye,

Barua hii unaandikiwa na mtu aliyeisimamisha Ankara. Sitanii. Juzi, saa tatu na dakika tano asubuhi, nilipotia tu mguu katika uwanja wa kaburi la Baba wa Taifa, ving'ora vililia mji mzima, magari yakazimwa barabarani, majenerali wakakauka kama nguzo, na hakuna aliyethubutu kukohoa mpaka niliposhusha pumzi. Najua utasema ndivyo inavyokuwa kila tarehe kumi Novemba, saa ile aliyofariki. Sawa. Lakini mwaka huu nilikuwepo mimi.

Baada ya hayo, pokea salamu zangu nyingi. Hujambo? Mtoto hajambo, ananyonya vizuri? Huko Duisburg baridi imeanza kuuma? Mumeo msalimie sana. Sisi tupo. Mama yako anakula, ingawa kidogo kidogo. Usijilaumu kwa kutokuja kumzika baba yako, kaka yangu. Mwanamke aliyejifungua juzi hapandi ndege, na kila mtu hapa ameelewa, hata shangazi yako, ambaye huwa haelewi kitu.

Mazishi yalikwenda vizuri. Jeneza nililibeba mimi kwa mbele, karibu peke yangu. Watu walilia, mimi sikulia. Usinifikirie vibaya. Unalijua shavu baada ya daktari wa meno kupiga sindano, unaligusa kwa kidole unaona ni la mtu mwingine? Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Nililetewa halua ya maziko, nikala sahani tatu, na sikujua kama ina sukari.

Umeuliza kama viatu vya baba yako vimepata mtu. Mama yako aliviweka nje ya mlango jioni ile ile, ncha zikielekea barabarani, kama tunavyowafanyia marehemu wetu wote, ili mpita njia mwenye shida avichukue aende navyo. Ni vile vyeusi vya ngozi, unavikumbuka. Alivinunua kwa ajili ya safari ya Anitkabir, akaone kaburi la Baba wa Taifa kabla hajafa. Kila tarehe tisa Novemba alivipiga rangi akaviweka juu ya gazeti, na kila mwaka kikatokea kitu. Mara ng'ombe anazaa kwa shida, mara viazi vya sukari havijang'olewa, mara theluji imefunga barabara. Amekufa, na viatu havijatoka nje ya wilaya.

Asubuhi havikuwepo. Nilimweleza mama yako kwamba nilimwona aliyevichukua. Mchungaji wa kondoo wa milimani, mrefu kupita mlango, miguu kaifunga matambara. Alivikumbatia kifuani, akamwombea marehemu, akaondoka machozi yakimlowesha masharubu. Ndipo mama yako alipotulia kwa mara ya kwanza. Sasa kila jioni anamwombea dua mchungaji yule, kisha ananiuliza, eti shemeji, vilimtosha kweli? Namwambia vilimkaa kama alipimiwa.

Nilipotangaza mkahawani kwamba naenda Ankara badala ya kaka, Okkesh kinyozi alicheka mpaka akamwaga chai. Akasema, "Rukni, wewe Ankara unaijua kwa taarifa ya habari tu. Utashukia kituo cha kwanza chenye supu." Nikamwambia makamanda wa kule wananiita kwa jina. Akauliza ni jina lipi hilo, maana wao hapo wananiita mengi na hakuna hata moja la kuandika kwenye barua.

Nikaenda. Ile njia ya simba wa mawe ya kuingilia kaburini ni ndefu, na mawe ya chini wameyaachanisha makusudi, majani yanaota katikati, ili mtu asimwendee Baba wa Taifa kichwa kikiwa juu. Baba yako alikuwa akinieleza hilo na kunicheka, eti siku mimi nikifika nitavunja shingo kwa kukosa mazoea. Mbona niliinama kuliko wote. Sikuona simba hata mmoja, niliona miguu yangu.

Ving'ora viliponyamaza tukapanda ngazi, na nilipofika mbele ya lile jiwe kubwa la kaburi machozi yalikuwa yananitiririka. Mama mmoja wa Izmir mwenye ua jekundu akanishika mkono. "Lia kaka yangu, lia tu, sote ni yatima wake." Akamgeukia mwenzake, "Mwone huyu wa kijijini. Sisi tunakuja kupiga picha, mwenzetu amekuja kweli." Mlinzi aliyesimama pale, ambaye haruhusiwi hata kupepesa jicho, nakuapia alipepesa.

Hayo ndiyo niliyoyasimulia mkahawani, na Okkesh jana kanilipia chai. Wewe nitakuambia na lililobaki, kwa kuwa aliyekufa ni baba yako.

Hakuna mchungaji. Alfajiri ile nilitoka kuvuta sigara, nikaviona viatu vinaitazama barabara, na barabarani hapakuwa na mtu. Nikavitia ndani ya koti. Nilitaka vifike. Mguu wa baba yako ulikuwa mdogo kuliko wangu, ulijua? Mimi sikujua. Maisha yangu yote nilidhani kaka ana miguu mikubwa. Vilinibana tangu kituo cha basi, na kwenye yale mawe kucha ya kidole gumba iling'oka. Machozi yale yalikuwa ya kidole, si ya Baba wa Taifa wala ya kaka. Nilivivua kwenye basi la kurudi, maumivu yakakoma, machozi yakakoma, nikawa tena kama lile shavu.

Usimwambie mama yako, mwachie mchungaji wake. Viatu nitavirudisha mlangoni, vimpate mwenye haki navyo, wiki hii au ijayo. Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na ukipata picha yake itume. Hapa wote wanakusalimu, na shangazi yako anauliza kama huko kuna maziwa ya kutosha.

Samahani kwa mwandiko. Ninapoandika nimevivaa, hapa chini ya meza, na kamba nimezikaza mpaka mwisho.

Ni mimi baba yako mdogo,
Ruknettin