Zamu ya Hafsa

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mamba kachukua mwingine! Salama, mke wa fundi cherehani. Asubuhi hii hii, pale bwawani yalipobaki maji ya mafuriko. Nilisikia mayowe nikiwa huku juu dunguni, kibanda cha kulindia shamba ninamoishi, nikabaki nimekumbatia nguzo. Ningekwenda, nani angenitaka? Tangu wanifukuze kijijini hata salamu siitikiwi. Anayekuja ni mtani wangu Sijaona tu, na yeye hodi yake matusi.

Jumanne, 4 Juni

Wamekuja. Shemeji Amri mbele, wanaume watatu nyuma, wamesimama kule mbali kwenye mahindi ya mlau, yale yaliyopandwa mafuriko yalipopungua. Ati nishuke na upanga wa marehemu kaka yake, nikamuue mamba. Nikawaambia, njooni muuchukue. Loo! Walivyorudi nyuma, madume mazima!

Wanasema huyu ni mamba wa kutumwa, panga la dukani halimwingii. Ni ule wenye laana tu.

Nikamuuliza Amri: na mwanangu Hafsa je?

Anajua. Muhidini, mume wangu, aliuiba ule upanga. Mwenye upanga akasomesha halbadiri, kisomo cha kumlaani mwizi: kila utakapoua, nyumba ya aliyeushika itazika. Muhidini akaua nguruwe mmoja shambani — siku ya saba tukamzika mwanetu wa kwanza. Akaua wa pili, nikamzika yeye, ndipo wakanifukuza pamoja na upanga wenyewe. Na aliyeisomesha keshakufa, hakuna wa kuitengua. Nimebakiwa na Hafsa, miaka minane, yuko kwa wifi yangu Sihaba.

Nimekataa.

Jumatano, 5 Juni

Naogopa.

Alhamisi, 6 Juni

Sijaona kaja mbio, leo hata matusi kayasahau. Visima vimejaa tope, kwa hiyo wanawake wamepangiwa zamu za kuchota bwawani. Kesho wa kwanza ni Hafsa. Mtoto! Amri kasema hakuna mama atakayekaa juu akatazama tu.

Wamemfanya chambo. Mtoto wa kaka yake!

Alasiri nikajibanza njiani nimuonye. Aliponiona tu akaangusha ndoo, akapiga ukelele, akatimua mbio. Ndivyo walivyomfundisha: ukimuona mama yako, kimbia. Nimemuokotea kandambili moja. Nimelia mpaka kichwa kinagonga.

Ijumaa, 7 Juni

Sijalala. Jua limeshatoka na nawaona wanatoka kwa wifi. Hafsa mbele na ndoo ya bluu. Nyuma yake Mwajabu, Ashura na wengine, wameshikana kanga. Hao ndio waliotema mate nilipopita. Leo roho inaniuma kwa ajili yao pia, sijui kwa nini.

Nimechukua shoka. Nimelirudisha. Kama kweli ni wa kutumwa? Lisipomwingia je?

Nikiwatokea njiani mtoto atakimbia, na mbele yake ni maji. Kumwita siwezi. Kumshika siwezi. Lazima nifike bwawani kabla yake, niingie mimi kwanza.

Nikienda mikono mitupu, mamba anamla. Nikiua kwa upanga, siku saba tu. Ya Rabi, kote ni yeye!

Wamefika kwenye mikorosho. Herufi zinakwenda upogo, naandika kwa kushoto — mkono wa kulia umeshauchomoa upanga.