Vikombe Mlivyovirudisha kwa Gunia

Baba Kemunto, mume wangu,

Bwakire, umeamkaje? Mimi huku Athi ni mzima, namshukuru Mungu. Kifua kimeacha kukusumbua? Unavaa sweta ukienda kuchuma majani chai asubuhi, ama mpaka nije nikuvalishe? Ng'ombe ameshazaa? Nimeuliza hayo kwanza kwa sababu nimekukasirikia sana, na sitaki ufikiri nimeacha kukujali. Naandika kwa vile simu unanikatia nikitaja mtoto.

Gunia lilifika na basi. Kemunto alilifungua mwenyewe akidhani ni ndizi. Akakuta vikombe vyake vya kioo vya Meza ya Bwana, vile alivyolipulizia kanisa letu. Vingine vimevunjika. Hamkuweka hata gazeti katikati. Hakulia. Alienda kukaa nje. Aliyelia ni mimi.

Dada yangu Moraa alikuwa hapo kanisani siku mlipovikataa, amenisimulia yote. Eti mzee mmoja alisimamisha kikombe mezani, kikainama kidogo, akasema, "Oneni, hata chenyewe kinayumba. Bado kina bia!" Watu wakacheka. Na wewe, mzee wa kanisa, baba yake, ukacheka. Halafu ukaongeza, "Hiyo si kazi, ni kupuliza chupa za walevi."

Sasa nisikilize, maana hapa huwezi kukata.

Mimi nawapikia mafundi wa kioo hapa kazini kwa Kemunto, naona kila siku. Hizo chupa tupu za bia zinaingia kwa tanuru zinayeyuka mpaka zinakuwa kama uji mwekundu. Ni bia gani inabaki kwa moto kama huo? Kemunto anachota ule uji na bomba la chuma, anauzungusha bila kuacha, akisimama kidogo tu unadondoka. Anapuliza pole pole. Wenzake wanaulainisha na gazeti lililolowa maji. Yeye anatumia jani kavu la mgomba, dada yangu humtumia kutoka Nyaramba. Analilowesha, analishikiza kwa kioo cha moto, moshi unafuka, na kioo kinabaki na mistari ya jani. Hata hao wenzake walimcheka mwanzoni. Wanataka kikombe kinyooke. Yeye akawaambia, "Kikifanana na cha dukani, si mtu angenunua dukani?" Mkono wake una makovu mpaka kiwiko, na bado nikimwona karibu na ule moto namwita arudi nyuma.

Pale sebuleni tuna samaki aliyechongwa kwa mawe ya Tabaka. Hana hata macho, na kila mgeni unamwambia, "Hiyo ni sanaa ya kwetu." Jiwe likichongwa ni sanaa. Mtoto wako akiweka mgomba wetu ndani ya kioo, ni ulevi? Nieleze, maana mimi niliachia darasa la tano.

Kinachoniuma si kanisa. Kanisa litanunua vya plastiki, sawa. Lakini juzi fundi mmoja alimuuliza Kemunto kwao ni wapi, akajibu, "Sina kwetu." Nilikuwa namenya viazi hapo karibu, nikasikia. Huyo ndiye uliyempa jina la mama yako. Ulikuwa unamwita "mama" mbele ya watu.

Mpigie. Si kuomba msamaha, najua huwezi. Muulize tu kikombe kinatengenezwa aje, halafu unyamaze, umwache aeleze mpaka amalize. Usipompigia, makambi ya kanisa ya mwaka huu usinitafute kwa hema ya akina mama. Nitasali huku na mtoto wangu. Na watu wakikuuliza mkeo yuko wapi, wewe ni mzee wa kanisa, waambie ukweli.

Nisalimie dada yangu Moraa, umwambie majani yalifika yakiwa mazuri. Msalimie mke wa kaka yako, namshukuru kwa kukupikia. Kitindamimba wetu mwambie asilale na nywele mbichi, baridi ya huko naijua. Yule mzee wa kikombe kinayumba, huyo usimsalimie.

Ni mimi mkeo, nikingoja simu ya Kemunto ilie,

Mama Kemunto