Tani Saba

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na pole kwa mafua. Natumaini kifua kimeachia na watoto wanakupa nafasi ya kupumua. Mimi ni mzima, ila usingizi umenipiga chenga wiki nzima.

Barua yako nimeipata. Unauliza kama kweli mumeo alizembea kazini, maana ukimuuliza mwenyewe anakuwa bubu. Nitakueleza.

Roketi kupaa si miujiza. Dunia inaivuta chini, injini zinaisukuma juu. Nguvu inayobaki baada ya kutoa uzito ndiyo inayoiongezea kasi. Injini zetu zina nguvu ya kubeba tani sitini. Karatasi ya hesabu ilisema roketi ina tani hamsini, basi tukajua tuna ziada ya kumi, inatosha kuichomoa jukwaani upesi. Shemeji, kama mkuu wetu wa hesabu, akatia sahihi.

Asubuhi ile injini ziliwaka, roketi ikainuka kama mgonjwa anayetoka kitandani. Fundi aliyesimama kando yangu akanong'ona, "Mbona inajivuta?" Kabla haijaupita mnara wa kurushia, upepo ukaiyumbisha, ubavu ukakwaruza vyuma, ikabidi ilipuliwe juu ya uwanda mtupu. Hakuna aliyeumia, lakini kazi ya miaka sita iliisha kwa dakika moja.

Uchunguzi ulionyesha kwamba baada ya kufungwa matangi mapya, roketi ilikuwa na tani hamsini na saba. Ziada ilikuwa tatu tu. Shemeji akasimamishwa kazi.

Dada, karatasi ya uzito mpya ililetwa mezani kwangu. Nilikuwa na haraka ya kutoka, nikaitupia kwenye droo, nikisema nitaiingiza kwenye hesabu kesho. Kesho yake nikasahau kabisa. Baada ya ajali shemeji ndiye aliyeikuta. Akaniambia, "Wewe bado una miaka mingi ya kazi mbele yako." Akaichana, akaenda kunyamaza mbele ya kamati ya uchunguzi. Nami nikamwacha abebe.

Jana nilikwenda kwa mkurugenzi nikasema yote, na kitambulisho changu cha kazi nimekirudisha. Shemeji ataitwa arudi Jumatatu, ingawa ataandikiwa onyo kwa kusaini bila kukagua. Hajui kwamba nimekuandikia.

Hasira uliyommwagia yeye ilikuwa yangu. Nitakuja Jumamosi kuichukua.

Wabusu watoto.

Ni mimi, mdogo wako.