Huu si Utani, Kibwana

Temeke

Mke wangu Mama Kalunde,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo? Na Kalunde, kile kikohozi kimemwacha? Mie mwili mzima, ila roho inaniuma.

Unamkumbuka Kibwana, yule jirani yangu Mzaramo, tarishi wa kampuni moja ya bandarini? Ndiye aliyeniletea habari kwamba Mzungu wao anatafuta karani, kazi yenye nyumba, ile niliyokuandikia kwamba ndiyo itakayokuleteni huku. Ila Mzungu huyo kila amri yake ni mbiombio, anataka mtu anayemwelewa upesi. Kibwana, akijua Kiingereza nilikisoma shuleni, akaniomba nimfundishe na yeye kidogo, "angalau nijue ninavyotukanwa."

Basi kila jioni, nikishatua magunia, tunakaa barazani kwake. Namweleza, "run" peke yake ni kukimbia tu, lakini Waingereza wakikifuatisha kijineno, mambo yanageuka. "Run away" ni kutoroka. "Run after" ni kumkimbiza mtu umkamate. "Hurry up" ni fanya haraka, "rush in" ni kuingia kwa pupa. "Run off with" ndiyo iliyomshinda. Nikamfafanulia: ni kuchukua cha mwenzio ukatokomea nacho. Akacheka sana.

Siku ya kuitwa akaniambia, "Subiri, Mzungu kaenda Pugu." Nikasubiri, mjinga mie! Kumbe Mzungu yupo ofisini, na aliyeingia kujaribiwa ni Kibwana mwenyewe. Nilikuja kumwona bandarini kavaa kaptula nyeupe, ananihesabia magunia mgongoni. Wenzake wakaniambia aliulizwa maneno yale yale, akajibu kwa mifano yangu.

Nilimfuata kwake ninawaka. Nikamwambia mbele za watu, "Umeninyang'anya kazi!" Baraza zima likaangua kicheko. "Wee Mnyamwezi, unamkasirikiaje mtani wako?" Naye akanishika bega, "Utani tu, bwana!"

Mama Kalunde, hata hasira nimenyimwa. Mtani akiniita mshamba nacheka, akininyang'anya kitoweo nacheka. Lakini nyumba ya mwanangu? Jana kaniletea sahani ya wali, nikairudisha vile vile ilivyokuja. Wanasema sijui utani. Na waseme.

Nisalimie mama mkwe, umwombe asiniulize habari za kazi. Msalimie na mdogo wangu Msafiri, umwambie asihangaike tena kuwasindikiza stesheni.

Kalunde mwambie polepole. Kisha fungua mizigo.

Ni mimi mumeo ninayekukumbuka,
Maganga