Gari la Maharusi na Kona ya kwa Gopal

KLABU YA SANDHYATARA, KICHOCHORO CHA MADAN KUNDU, KALKUTA KASKAZINI
KAMATI NDOGO YA GARI

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA JUMAPILI, TAREHE 19 NOVEMBA 1995, BARAZANI KWA BI. KADAMBINI LAHIRI, KUANZIA SAA MBILI ASUBUHI

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Bhabatosh Lahiri (Kaka Bhombol), Mwenyekiti na dereva
2. Bw. Anadi Poddar, Makamu Mwenyekiti, karani mstaafu wa tramu
3. Bw. Nikhilesh Sarkhel, Katibu

ASIYEHUDHURIA
Bw. Purnendu Guin, Mweka Hazina. Alituma taarifa kwamba tumbo linamsumbua. Jana alikuwa harusini.

MWALIKWA
Bi. Kadambini Lahiri (Shangazi), dada mkubwa wa Mwenyekiti na mwenye baraza

ALIYEINGIA BILA MWALIKO
Bi. Jhinuk Sarkhel, binti wa Katibu

KUMB. NA. 1/11/95: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuuliza nani ameficha miwani yake. Ilipopatikana, alikuwa ameikalia mwenyewe. Aliwakumbusha wajumbe kwamba gari, Ambasada ya mwaka 1978 yenye rangi ya maziwa, liliachiwa klabu na marehemu Daktari Sushobhan Kar kwa sharti moja: kila binti wa kichochoro hiki akiolewa aondoke nalo kwenda kwa mumewe. Binti anayefuata ni Jhinuk wa Katibu. Ataondoka tarehe 28 mwezi huu kwenda Shibpur, ng'ambo ya Daraja la Howrah, na gari kwa hali lililo nayo halifiki huko.

Katibu alieleza kwamba mjomba wa bwana harusi amejitolea kuleta gari jipya lenye kiyoyozi. Mjomba huyo alisema kwa adabu kubwa, jambo lililomuudhi Katibu zaidi. Anataka jibu leo jioni. Kwa hiyo kikao kilitakiwa kuamua leo leo kama gari la mtaa litapona, au Jhinuk aondoke na gari la watu.

KUMB. NA. 2/11/95: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Makamu alitaka maneno "kichwa cha kabichi" yafutwe kwa kuwa yalimhusu yeye. Mwenyekiti alikubali yafutwe, ila akasema haondoi maana yake. Kumbukumbu zilithibitishwa. Mwenyekiti aliagiza kwamba leo maneno ya wajumbe yaandikwe kama yalivyotoka mdomoni, mtu asije akakana kesho. Katibu ametii.

KUMB. NA. 3/11/95: MWENENDO WA GARI KATIKA HARUSI ZILIZOPITA
Katibu alisoma taarifa fupi. Kwa miaka kadhaa sasa, katika kila harusi gari limekuwa likichemsha mahali pamoja, kwenye kona ya kwa Gopal muuza chai, pale kichochoro kinapokutana na reli ya tramu. Mwenyekiti huwasha injini mapema ili aonekane yuko tayari, na kuagana kwenyewe hakuishi leo wala kesho. Mama analia, mashangazi wanapiga vigelegele, bibi harusi anarusha mchele nyuma bila kugeuka, mama anaukinga kwa ncha ya sari, na muda wote huo injini inanguruma papo hapo. Gari likifika kwa Gopal, moshi tayari. Hapo mtaa mzima hukimbia na ndoo.

Kuhusu breki, gari likikanyagwa breki huvuta kushoto. Katika harusi ya mpwa wa Mweka Hazina lilivuta hadi kwenye baraza la muuza mtindi na kuvunja vyungu vyake.

Makamu: "Gari inavuta kushoto kwa sababu dereva mwenyewe anaangalia vyungu."
Mwenyekiti: "Anadi, wewe umeendesha karatasi maisha yako yote. Breki niachie mimi."
Makamu: "Nimekuachia, kaka. Ndiyo maana tuko hapa."

KUMB. NA. 4/11/95: MFUMO WA KUPOZA INJINI
Kikao kilihamia barabarani, boneti ikafunguliwa. Mwenyekiti alishikilia kwamba ugonjwa ni themostati, ile valvu ndogo inayofungulia maji yapite injini ikipata moto. Alidai imekwama tangu Makamu alipoigusa. Makamu alishikilia kwamba ugonjwa ni pampu ya maji, ambayo Mwenyekiti ndiye aliyeinunua, tena kwa shemeji yake.

Themostati ilifunguliwa na kutumbukizwa katika sufuria ya chai ya Shangazi, jikoni, bila Shangazi kuulizwa. Wajumbe watatu waliizunguka sufuria. Maji yalipokaribia kuchemka, valvu ilifunguka taratibu kama inavyotakiwa. Walipoitoa ikapoa, ikajifunga. Makamu alitabasamu. Shangazi aliingia, akaona, akasema leo hapikii mtu chai kwa sufuria hiyo mpaka isuguliwe kwa majivu na Mwenyekiti wa kamati mwenyewe. Ilisuguliwa.

Pampu nayo ilikaguliwa. Haikuvuja, haikulegea, na ilizunguka bila kelele. Safari hii aliyetabasamu ni Mwenyekiti. Mkanda wa feni ulikutwa umekakamaa na una nyufa, ukabadilishwa. Mipira miwili ya rejeta iliyolainika kama mkate uliolowa ilibadilishwa pia. Lakini wote walikubaliana kwamba hayo peke yake hayachemshi gari kila harusi.

Hapo ndipo Jhinuk alipoingia bila mwaliko, akiwa na sahani ya luchi, vile vimkate vya kukaanga, na viazi aliyotumwa na mama yake.

Jhinuk: "Baba, mkimaliza mniambie, nijue kama nipande tramu."
Katibu: "Nenda nyumbani. Bibi harusi hasimami barabarani na mafuta ya gari."
Jhinuk: "Baba mkubwa Bhombol, hebu niulize. Hii gari ukienda nayo sokoni, inachemsha?"
Mwenyekiti: "Haijawahi, mwanangu."
Jhinuk: "Ukimpeleka Shangazi kwa daktari?"
Mwenyekiti: "Haijawahi."
Jhinuk: "Basi harusini inakula nini?"

Katibu anakiri kwamba swali hilo lilipaswa kuulizwa na Kamati. Kwa kuwa harusini ndipo injini hunguruma gari likiwa limesimama, bila upepo wa safari kuisaidia rejeta, kikao kiliazimia rejeta ing'olewe.

KUMB. NA. 5/11/95: KILICHOKUTWA NDANI YA REJETA
Rejeta iling'olewa, ikageuzwa juu chini, na maji ya bomba yakapitishwa kutokea chini kwenda juu, kinyume na njia yake ya kawaida. Kwanza ilitoka kutu. Halafu likaanza kutoka tope laini, la kijivu, tele, na pamoja nalo kijiti cha mrehani mtakatifu. Mferejini likatuama. Makamu alilichota kwa kidole, akalinusa.

Makamu: "Kaka Bhombol, hili nalijua. Hili ni tope la Ganga."

Hakuna aliyebisha. Mtu wa mtaa huu analijua tope la mto huo mtakatifu hata akifumba macho. Mwenyekiti alianza kumuuliza Makamu maji ya gari amekuwa akiyateka wapi, na Makamu alikuwa tayari amekunja mikono ya shati, ndipo Shangazi aliposema kutoka barazani.

Shangazi: "Mnagombana nini? Ni mimi."
Mwenyekiti: "Wewe nini, dada?"
Shangazi: "Nimelitilia maji ya Ganga. Kila harusi, kibuyu kimoja. Bhombol unafungua boneti asubuhi, halafu unakwenda kunyoa ndevu. Bibi harusi ananyunyiziwa, bwana harusi ananyunyiziwa, hata samaki wa kupeleka kwa wakwe anapakwa manjano. Gari ndiyo inambeba mtoto wa watu, iondoke kavukavu?"

Alieleza kwamba hakuwahi kumficha mtu, ila hakuna aliyemuuliza. Alisema yeye aliolewa akiwa na miaka kumi na mitano, akaondoka kwa gari la farasi ambalo halikunyunyiziwa kitu, na mwaka wa pili alirudi kwao mjane. Tangu hapo hajaacha binti wa kichochoro hiki aondoke hivyo. Baada ya maneno hayo akawa anakunja ncha ya sari yake nyeupe ya ujane.

Katibu anaandika wazi kwamba alimpenda Shangazi wakati huo kuliko siku zote. Makamu, ambaye hajawahi kusifiwa kwa upole, alikwenda akakaa chini karibu na miguu yake.

Makamu: "Shangazi, baraka yako imefika. Tatizo imefika na udongo wake."

AZIMIO: Rejeta itiwe maji safi yaliyochemshwa, pamoja na dawa ya kuzuia kutu, na si kitu kingine. Maji ya Ganga ya Shangazi yanyunyizwe juu ya paa la gari na kwenye magurudumu yote manne, na Mwenyekiti asubiri mpaka amalize ndipo apande.

KUMB. NA. 6/11/95: BREKI ZA MBELE
Gari lilipandishwa jeki, likawekewa matofali nyuma ya magurudumu na vigogo chini ya fremu, kwa kuwa Katibu hakukubali mtu aingie chini kwa kutegemea jeki ya Mweka Hazina. Ngoma za breki za mbele zilifunguliwa. Upande wa kulia silinda ndogo zilikuwa zinavuja, na mafuta ya breki yalikuwa yameloanisha viatu vya breki. Kwa hiyo kulia hapakushika, kushoto pakashika peke yake, na gari likawa linaelekea kushoto. Macho ya dereva hayakuhusika. Makamu alitakiwa kuomba radhi, akaomba, kwa sauti ambayo Katibu hakuisikia vizuri.

Mipira ya silinda ilibadilishwa kulia na kushoto. Viatu vipya vilifungwa pande zote mbili, maana kubadilisha upande mmoja ni kuhamisha ugomvi tu. Wakati wa kutoa upepo kwenye breki, Mwenyekiti alikaa kwenye usukani akikanyaga, na Makamu alilala chini akifungua na kufunga nati.

Makamu: "Kanyaga."
Mwenyekiti: "Nimekanyaga."
Makamu: "Shikilia basi, usiachie."
Mwenyekiti: "Nimeshikilia, ndugu yangu."

Katibu ameona vema kuandika neno hilo la mwisho, kwa kuwa halijatamkwa kati yao tangu uchaguzi wa klabu.

KUMB. NA. 7/11/95: SAFARI YA MAJARIBIO NA TAARIFA YA MAKAMU
Gari liliachwa likinguruma limesimama mbele ya mlango wa Katibu kwa muda mrefu kuliko kilio chochote cha harusi ambacho mtaa huu umewahi kukiona. Sindano ya joto haikupanda. Liliendeshwa mpaka darajani na kurudi. Kwenye kona ya kwa Gopal halikuchemsha. Gopal mwenyewe alitoka na ndoo kwa mazoea, akabaki ameishika.

Likikanyagwa breki lilisimama limenyooka, bila kuvuta kokote. Katibu alifurahi na kusema atamjibu mjomba wa Shibpur jioni hii kwamba gari lipo. Mwenyekiti alipongeza Kamati. Ilitarajiwa Makamu naye aipongeze, lakini alikuwa amesimama pale konani akiwatazama wanaopita. Alipoulizwa ana nini, alitoa taarifa ifuatayo.

Makamu: "Mnakumbuka Tupur wangu alivyoondoka. Sikuwa nimesema naye tangu amchague yule kijana. Siku ya kuondoka nilisimama mlangoni kama nguzo. Akarusha mchele, hakugeuka, mila imekataza. Mimi nami sikufungua mdomo. Gari ikaondoka. Nikajua basi, imekwisha. Ikachemsha hapa. Nikachukua ndoo kama wengine, namwaga maji, yananirukia. Akashusha kioo, akasema, 'Baba, shati limelowa, utapata kikohozi.' Tukacheka. Nikamshika kichwa. Pale mlangoni kila mtu ana kazi yake ya kulia. Hapa hakuna mila inayodai kitu."

Mwenyekiti alivua miwani, akaipangusa. Alisema ni kweli, mabinti wote walioondoka na gari hili waliagwa mara mbili, na ile ya pili ndiyo wanayoizungumza wakirudi likizo. Shangazi alisema yeye alidhani Kamati inalijua hilo siku zote.

Katibu alikuwa anahesabu urefu wa kichochoro kwa macho, kutoka mlangoni kwake mpaka kwa Gopal, akiona kwamba gari lililopona litapita hapo na kukata kona kabla mtu hajafuta uso. Mwenyekiti aliamuru iandikwe kwamba Katibu alilia. Imeandikwa.

KUMB. NA. 8/11/95: MENGINEYO NA KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alisema kwamba breki zikishafungwa viatu vipya, haifai kuvuka nazo Daraja la Howrah kabla hazijapimwa zikiwa na mzigo kamili, yaani bwana harusi, bibi harusi, masanduku na yule mjomba. Alisema yeye kama dereva hatakubali vinginevyo.

AZIMIO: Tarehe 28 Novemba, baada ya kuondoka mlangoni, gari litasimamishwa kwenye kona ya kwa Gopal kwa ajili ya ukaguzi wa breki za mbele. Boneti itafunguliwa. Wajumbe wote wanatakiwa kuhudhuria, pamoja na mama wa bibi harusi. Ukaguzi hautaharakishwa.

Azimio lilipita bila kupingwa. Jhinuk, ambaye si mjumbe, alinyoosha mkono naye, akahesabiwa.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna haja ya ndoo ya maji, ilhali gari halichemshi tena. Makamu alisema ndoo iwepo. Ilipoulizwa nani ataibeba, Katibu alisema ataibeba yeye.

Kikao kilifungwa saa nane mchana, kwa sababu nyama ya mbuzi ya Jumapili ilikuwa inapoa katika nyumba zote tatu na wake walikuwa wameanza kuita kwa majina kamili.

(Sahihi) B. Lahiri
MWENYEKITI

(Sahihi) N. Sarkhel
KATIBU, BABA WA JHINUK